Picha ya Retina Katika Selimundu: Inaonyesha Nini, Inaamua Nini

Kwa sheria za Marekani, selimundu ni ugonjwa adimu. Ugonjwa huhesabiwa hivyo huko ukiwa na wagonjwa wasiofika 200,000 nchi nzima, na wenye selimundu wanakadiriwa kuwa kama 100,000. Ulaya nayo imeuweka katika kundi hilohilo. Tanzania peke yake hupata kila mwaka watoto wapatao 11,000 wanaozaliwa nao, na makadirio ya mwaka 2021 yanaonyesha kwamba dunia nzima ilipata watoto 515,000, zaidi ya robo tatu yao wakiwa Afrika kusini mwa Sahara. Nimeanza na takwimu hizi kwa sababu zimeathiri karibu kila tunachokijua kuhusu picha za mishipa ya damu ya retina katika ugonjwa huu. Mashine nzuri ziko ambako wagonjwa ni wachache. Elimu iliyopo imejengwa juu ya macho ya wazao wa Afrika Magharibi walioko Jamaika, Marekani, Uingereza na Ufaransa, na hao, kama tutakavyoona, hawafanani moja kwa moja na mtoto wa Mwanza au wa Kisumu.

Swali lenyewe ni fupi: mwenye selimundu akipigwa picha ya mishipa ya nyuma ya jicho, picha hiyo inamfaa nini? Wanaoitetea husema mambo matatu kwa pumzi moja. Kwamba itamwokoa asipofuke. Kwamba itatuambia hali ya mishipa ya ubongo wake, figo zake na mapafu yake, kwani retina ni dirisha la mwili. Na kwamba itatupa kipimo cha kujua kama dawa mpya zinafanya kazi. Madai haya hayalingani nguvu, na kuyachanganya kumeleta mkanganyiko mwingi. La kwanza lina ushahidi. La pili lina kasoro kubwa isiyosemwa vya kutosha. La tatu bado halijathibitishwa, na Afrika Mashariki ina nafasi ya kulijibu kuliko sehemu nyingine nyingi za dunia.

Kiini cha ugonjwa ni kosa dogo mno. Katika jeni inayotengeneza sehemu moja ya himoglobini, herufi moja imebadilika, na matokeo yake asidi amino moja iitwayo valini imekaa mahali pa nyingine. Vernon Ingram aligundua hilo huko Cambridge kati ya mwaka 1956 na 1957. Aliyerithi jeni hiyo kwa baba na kwa mama ana himoglobini ambayo ikishatoa oksijeni yake hujipanga nyuzinyuzi ndani ya chembe nyekundu, na chembe iliyokuwa laini hukakamaa na kujipinda umbo la mundu. Chembe nyekundu ya kawaida ina kipenyo cha mikroni 7 hadi 8, na kapilari nyingi za retina zina upana huohuo au pungufu, kwa hiyo chembe hupita kwa kujikunja. Iliyokakamaa haijikunji. Hukwama, na zinazoifuata hukwama nyuma yake. Retina nayo ina njaa kubwa ya oksijeni, na mishipa yake haina njia za kuchepukia: ukiziba mmoja, hakuna mwingine wa kuleta damu mahali pale.

Mwaka 1971 Morton Goldberg alizipanga hatua za uharibifu huo, na mpangilio wake ungali unatumika. Kwanza huziba ateri ndogo za pembezoni mwa retina, hasa upande ulioelekea sikio. Kisha damu hujitafutia njia ya mkato kutoka kwenye ateri hadi kwenye vena, mpakani mwa eneo lenye damu na lililokauka. Hatua ya tatu ndiyo ya kuogopwa. Retina iliyokosa oksijeni hutoa kemikali zinazoita mishipa mipya, na mishipa hiyo huota palepale mpakani, ikatanda katika umbo ambalo madaktari wameliita upepeo wa bahari. Ni mishipa dhaifu. Huvuja, na katika hatua ya nne humwaga damu ndani ya ute uliojaza jicho. Katika hatua ya tano makovu yake huivuta retina mpaka ikabanduka.

Hatua tatu za kwanza hazina dalili yoyote, na hapo ndipo picha inapopata thamani yake. Kijana wa miaka 19 mwenye upepeo wa bahari katika macho yote mawili atausoma mstari wa mwisho wa chati bila shida, kwa kuwa chati hupima kitovu cha retina, na ugonjwa uko pembezoni. Haumwi. Jicho si jekundu. Ishara ya kwanza anayoiona mwenyewe ni vidoa na nyuzi nyeusi zinazoelea, na baada ya saa chache utando mwekundu umefunika kila anachokitazama. Hapo keshafika hatua ya nne. Ukimsubiri alalamike, umechelewa.

Kwa miongo mingi kipimo cha kutegemewa kilikuwa angiografia ya rangi ya fluoreseini, ambayo Harold Novotny na David Alvis, wakiwa bado wanafunzi wa udaktari huko Indiana, walichapisha namna ya kuifanya mwaka 1961. Mgonjwa huwekewa matone ya kupanua mboni, akasubiri mpaka mboni zifunguke na maandishi ya karibu yaanze kumpotea. Kidevu huwekwa kwenye kikalio cha kamera, paji la uso likiegemea mkanda. Muuguzi huingiza rangi ya njano kwenye mshipa wa mkono. Ndani ya sekunde 10 hadi 15 rangi imefika jichoni, na kwa mwanga wa bluu mishipa ya retina huwaka, ateri kwanza, kisha kapilari, kisha vena. Anayetazama skrini huona mishipa iking'aa kuelekea pembezoni, halafu ghafla inaishia. Ng'ambo ya mpaka huo ni giza tupu: hakuna damu. Na kama kuna upepeo wa bahari, huwaka kuliko vyote, kisha mwanga wake husambaa na kufifia kingo, kwa sababu rangi inavuja.

Ni picha inayosema mengi, lakini mwenye selimundu huilipia. Wengi wao wamechomwa sindano na kuwekewa dripu tangu utotoni, na mishipa ya mikono yao imekwisha kuwa na makovu. Kuupata mshipa mmoja mzuri kunaweza kuchukua muda na maumivu. Baadhi huona kichefuchefu, ngozi hubadilika kuwa ya manjano kwa saa kadhaa, na mkojo hutoka na rangi kali hadi kesho yake. Mara chache sana hutokea mzio wa kutishia uhai, hivyo adrenalini lazima iwe mkononi. Kumrudishia mtoto kipimo hiki kila mwaka ni jambo gumu kulitetea.

Tatizo la pili ni upana wa picha. Kamera ya kawaida ya retina huona nyuzi 30 hadi 50 za jicho, yaani kitovu na jirani zake. Selimundu huanzia mbali na hapo. Ndiyo maana kamera za uwanda mpana zilizokuja baadaye, zinazofikia nyuzi 200 katika picha moja, zimebadilisha kabisa namna ugonjwa huu unavyoonekana: kile ambacho zamani daktari alikichora kwa penseli akizungusha lenzi, sasa kinahifadhiwa na kulinganishwa na cha mwaka uliopita.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwetu. Afrika Mashariki imeshapiga hatua katika kupiga picha za macho nje ya hospitali kubwa. Programu ya Kilimanjaro ya wagonjwa wa kisukari, inayoongozwa kutoka hospitali ya KCMC, Moshi, imezunguka na kamera ikikagua retina. Nakuru, Kenya, ndiko simu ya mkononi iliyofungiwa kifaa cha Peek ilikojaribiwa kupiga picha za nyuma ya jicho. Ni kazi za kujivunia. Lakini vifaa hivyo vilikusudiwa kisukari na presha ya jicho, magonjwa ambayo alama zake kuu ziko katikati. Kuchukua kamera ya kisukari, ukampiga mwenye selimundu picha moja ya kitovu na kumwandikia kwamba macho yake ni salama, ni kumdanganya. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu kishawishi ni kikubwa: kamera ipo, fundi yupo, mgonjwa yuko kwenye foleni. Picha isiyofika pembezoni haina haki ya kutoa jibu la hapana.

Kisha ikaja teknolojia iliyowasisimua watafiti kuliko zote. Tomografia ya mwanga, yaani OCT, ilitangazwa mwaka 1991 na kundi la watafiti wa Massachusetts. Hutumia mwanga wa infraredi kukata retina tabaka kwa tabaka bila kuigusa. Baadaye zilichapishwa mbinu za kuifanya ionyeshe damu yenyewe, na ndiyo inayoitwa OCTA. Kanuni yake inapendeza: mashine hupiga mstari uleule mara kadhaa mfululizo kwa kasi kubwa, kisha hulinganisha. Kilichotulia hakibadiliki. Kinachobadilika kati ya pigo na pigo ni chembe nyekundu zinazopita, na kwa kuyakusanya mabadiliko hayo kompyuta huchora ramani ya kapilari. Hakuna sindano wala rangi. Mtoto akiweza kutulia kwa sekunde chache, picha imepatikana.

Picha hizo zilileta habari ambayo wengi hawakuitarajia. Watu wenye selimundu wanaoona vizuri kabisa, wakiwemo watoto, walikutwa na upungufu wa kapilari na retina iliyokonda karibu na kitovu, upande wa sikio. Kumbe ugonjwa ulioaminika kuwa wa pembezoni ulikuwa umeshapiga hodi katikati. OCTA hutenganisha matabaka, na tabaka la ndani zaidi la kapilari ndilo lililoonekana kuumia kuliko la juu. Sababu inaeleweka: upande ule ndipo yanapokutana maeneo ya mishipa ya juu na ya chini, kila mmoja ukiwa umefika mwisho wa safari yake, na tabaka la ndani hupata damu iliyokwisha kunyonywa oksijeni njiani. Ni shamba la mwisho wa mfereji: maji yakipungua kidogo tu huko juu, lenyewe ndilo la kwanza kukauka. Na himoglobini ya selimundu hukakamaa hasa pale oksijeni inapokuwa chini.

Uchunguzi wa kurudiarudia picha kwa jicho lilelile ulionyesha jambo jingine: kapilari inayoonekana imekufa leo huweza kuonekana ina damu katika picha inayofuata, na nyingine ikazima. Kuziba na kuzibuka kunaendelea muda wote, hata mtu akiwa nyumbani bila maumivu yoyote. Kwangu mimi hili ndilo jambo kubwa kuliko yote ambayo OCTA imetufunulia. Tumezoea kuufikiria ugonjwa huu kama vipindi vya maumivu makali vilivyotengwa na siku za uzima. Retina inashuhudia kwamba siku za uzima nazo zina uharibifu wake.

Hata hivyo mashine ina mipaka ambayo ni lazima isemwe. Inachopima ni mwendo. Damu inayokwenda polepole kupita kiasi huhesabiwa kuwa haipo, na katika ugonjwa ambao damu huenda polepole, hilo si dosari ndogo. Eneo inalopiga ni dogo, mara nyingi mraba wa milimita 3 au 6, ingawa mashine mpya hufika 12 na kupita. Jicho likitikisika, ramani huchanika. Programu za kampuni tofauti hukokotoa msongamano wa kapilari kwa namna tofauti, hivyo tarakimu ya mashine moja hailinganishwi na ya nyingine. Hospitali ikibadilisha mashine, rekodi za miaka ya nyuma hupoteza sehemu kubwa ya thamani yake.

Sasa tuje kwenye dirisha. Wazo kwamba jicho linaonyesha hali ya mwili mzima linavutia, na kwa selimundu lina mantiki: chembe zilezile, mishipa myembamba ileile. Ila ushahidi bora tulio nao unalikataa kwa upande wa pembezoni. Ushahidi huo unatoka Jamaika, ambako watoto waliogunduliwa na ugonjwa walipozaliwa katika hospitali moja ya Kingston, kuanzia mwaka 1973, walifuatiliwa mpaka utu uzima chini ya Graham Serjeant na wenzake. Baadhi yao walikuwa na SS, yaani jeni ya selimundu kutoka kwa wazazi wote wawili. Wengine walikuwa na SC, jeni moja ya selimundu na moja ya himoglobini C. Wa SC kwa kawaida ugonjwa wao huwa mwepesi zaidi: upungufu wa damu si mkali na maisha yao ni marefu zaidi. Ungetegemea macho yao yawe salama zaidi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2005 yalionyesha kinyume. Kufikia umri wa miaka 24 hadi 26, mishipa mipya ilikuwa imeota kwa 43% ya wenye SC, na kwa 14% tu ya wenye SS.

Kwa nini? Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba damu ya SC ni nzito kwa kuwa ina chembe nyingi, na kwamba retina ya mwenye SC huachwa na njaa nusunusu, ikiwa hai ya kutosha kuita mishipa mipya. Kwa mwenye SS kuziba huwa kamili na mapema, na tishu iliyokufa haiiti chochote. Vyovyote iwavyo, dirisha linaloonyesha hali mbaya kwa aliye na nafuu, na hali njema kwa aliye mgonjwa zaidi, si dirisha la kuutazamia mwili mzima. Kapilari za karibu na kitovu pengine ni hadithi tofauti, na wapo wanaozihusisha na wingi wa chembe zinazovunjika mwilini. Lakini kuhusisha si kutabiri.

Ili kuona dirisha linalofanya kazi kweli linafananaje, tuangalie malaria ya ubongo. Huko Blantyre, Malawi, madaktari waliwatazama retina watoto waliolazwa wakiwa hawana fahamu. Mwaka 2004 ulichapishwa uchunguzi wa maiti 31 za watoto waliokuwa wametimiza vigezo vyote vya malaria ya ubongo: saba kati yao walikuwa wamekufa kwa sababu nyingine, na alama iliyowatenganisha vizuri kuliko zote ilikuwa mabadiliko ya retina. Hapo jicho lilipimwa dhidi ya ubongo wenyewe, mtoto kwa mtoto, na daktari asiyeona mabadiliko hayo anajua kwamba lazima atafute chanzo kingine upesi. Picha ilibadilisha uamuzi.

Katika selimundu yenyewe kuna mfano ulio karibu zaidi. Kiharusi kilikuwa kikiwapiga watoto bila onyo, mpaka ilipogundulika kwamba ultrasaundi ya mishipa ya kichwa huweza kupima kasi ya damu. Jaribio la Marekani la mwaka 1998 liliwachukua watoto 130 ambao kasi yao ilizidi kiwango cha hatari, cha sentimita 200 kwa sekunde, likawagawa kwa kura. Walioongezewa damu mara kwa mara walipata viharusi pungufu kwa asilimia 92. Tangu hapo tarakimu hiyo moja imekuwa amri: ukiifikia, unatibiwa. Mwanza, katika Hospitali ya Bugando, watafiti wameutumia mpango huohuo kwa kuchagua watoto wa kupewa haidroksiyurea, dawa ambayo haihitaji benki ya damu iliyojaa, na kasi ya damu ilishuka. OCTA haina tarakimu yake ya 200. Hakuna kiwango cha kapilari zilizopotea ambacho kikifikiwa daktari anajua la kufanya. Mpaka kipatikane, kumpiga kila mgonjwa picha hiyo kila mwaka ni utafiti, na uitwe utafiti.

Dai la tatu, la picha kama kipimo cha dawa, linahitaji tahadhari ileile. Voxelotor iliruhusiwa Marekani mwaka 2019 kwa kuwa ilipandisha himoglobini. Ilikuwa tarakimu nzuri, rahisi kuipima. Septemba 2024 Pfizer iliiondoa dawa hiyo sokoni duniani kote baada ya takwimu kuashiria maumivu makali zaidi na vifo zaidi kwa waliokuwa wakiitumia. Tarakimu ilipanda, na hilo halikuwa hakikisho la uzima wa mgonjwa. Anayependekeza kwamba dawa ya kesho ihukumiwe kwa msongamano wa kapilari za retina anapaswa kwanza aonyeshe kwamba wenye kapilari nyingi zaidi ndio wanaobaki na macho, figo na akili timamu miaka kumi baadaye. Kazi hiyo inahitaji wagonjwa wengi wanaofuatiliwa kwa muda mrefu.

Wagonjwa hao wako huku. Himoglobini C ni ya Afrika Magharibi. Afrika Mashariki karibu kila mwenye selimundu ni SS. Kwa hiyo asilimia 43 ya Jamaika haituhusu, na anayeitumia kuombea fedha za kamera Dar es Salaam anakosea, hata kama nia yake ni njema. Lakini 14% ya SS inatuhusu, na kwa nchi zenye watoto wengi kiasi hiki si kidogo. Tena mazingira yetu ni mengine: malaria, utapiamlo, na haplotaipu ya Kibantu (haplotaipu ni kundi la alama za jeni zinazorithiwa pamoja), ambayo wenye nayo kwa kawaida huwa na kiasi kidogo cha himoglobini ya kichanga, ile ya kabla ya kuzaliwa. Ng'ambo ya bahari, Oman, hali imechanganyika: wapo wenye haplotaipu ya Kiarabu na Kihindi, ambayo huja na himoglobini ya kichanga nyingi, na wapo wenye ile ya Kibantu, iliyovuka na watu kutoka pwani yetu. Kulinganisha macho ya makundi hayo mawili ndani ya nchi moja yenye vifaa kungetufundisha mengi. Inaumiza kukumbuka kwamba uhusiano wa jeni hii na malaria ulithibitishwa na A. C. Allison mwaka 1954 kwa damu ya watu wa Uganda na Kenya. Elimu ya jeni ilianzia kwetu. Elimu ya jicho imetupita kando.

Sababu moja ni ya huzuni. Zamani watoto wengi wa selimundu huku hawakufika umri wa miaka mitano, na upepeo wa bahari huota zaidi kuanzia ujana. Ugonjwa wa retina ni ugonjwa wa walionusurika. Kadiri penisilini, kinga ya malaria na haidroksiyurea zinavyowavusha watoto, ndivyo kliniki za macho zitakavyoanza kuwaona, na maandalizi hayajalingana na mafanikio hayo.

Kuandaa si lazima kuanze na mashine ya gharama. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2014 unataka mgonjwa aanze kukaguliwa macho akiwa na miaka 10, mboni zikiwa zimepanuliwa, na arudie kila mwaka mmoja au miwili. Matone, ofthalmoskopu ya kuvaa kichwani, lenzi ya mkononi na daktari au mtaalamu aliyezoea kutazama pembezoni: hivyo vinatosha kuupata upepeo wa bahari. Hata weupe wa jicho una la kusema. Mwaka 1961 David Paton alieleza jinsi mishipa midogo ya sehemu ya chini ya weupe huo, katika selimundu, inavyoonekana imekatikakatika vipande vifupi vyenye umbo la alama ya mkato, na yeyote mwenye taa ya kukuza huweza kuviona. Kinachokosekana zaidi ni mpangilio. Kliniki ya selimundu huwa Jumatano, ya macho Alhamisi, katika jengo jingine, kwa kadi nyingine, na mama aliyetoka mbali na mtoto mwenye maumivu harudi kesho. Ukaguzi wa macho ukifanyika siku ileile na mlango uleule, utafanyika.

Picha ya uwanda mpana iwe kwa waliokutwa na mabadiliko, kwa sababu hapo ndipo inapoamua. Jamaika ilionyesha pia kwamba theluthi moja hivi ya macho yenye mishipa mipya ilipata nafuu yenyewe bila tiba. Leza ya kuchoma retina iliyokauka hupunguza hatari ya damu kumwagika na ya kupoteza uwezo wa kuona, lakini haimfai kila mtu, na mbinu za zamani za kuchoma mshipa unaolisha ziliacha madhara hadi zikaachwa. Kwa hiyo daktari anahitaji kujua: upepeo huu umekua tangu mara ya mwisho, au umenyauka? Picha mbili zenye tarehe hujibu swali hilo kuliko kumbukumbu ya mtu. Kwa mgonjwa asiye na uhakika wa kurudi, naona ni haki kupiga leza mapema zaidi kuliko ambavyo kitabu cha Marekani kingeshauri. Kusubiri kwa uangalifu kunawezekana tu kwa mwenye nauli.

Kompyuta nazo zimejifunza kusoma picha hizi. Mwaka 2021 watafiti wa Johns Hopkins walichapisha programu iliyotambua upepeo wa bahari katika picha za uwanda mpana kwa usahihi wa kama 97%. Ni msaada wa kweli kwa nchi zenye madaktari bingwa wa retina wachache, mradi tukumbuke kwamba ilifundishwa kwa picha za wagonjwa wa huko na inahitaji kamera ileile ya bei kubwa.

Kundi linaloweza kujibu swali la dawa tayari lipo. Utafiti wa REACH uliwaanzishia haidroksiyurea watoto 606 wa Luanda, Kinshasa, Kilifi na Mbale, wakiwa na umri wa mwaka 1 hadi 10. Matokeo yake, yaliyotoka kati ya mwisho wa 2018 na mwanzo wa 2019, yalionyesha maumivu, malaria na vifo vikipungua. Huko Memphis, watafiti walikuwa wameripoti mwaka 2013 kwamba watoto wenye himoglobini ya kichanga nyingi, ambayo dawa hii huiongeza, walikuwa na uharibifu mdogo wa retina. Watoto wa Kilifi na Mbale sasa ni vijana. Wako kwenye umri uleule ambao mishipa mipya huanza kuota, na vipimo vyao vya damu vya miaka yote vimeandikwa. Kamera moja ya uwanda mpana na moja ya OCTA, zikihamishwa kati ya vituo hivyo na programu isibadilishwe katikati, zingetosha kuanza. Na picha ya kwanza inapaswa kupigwa sasa, kabla upepeo wa bahari haujaota, ili pawe na cha kulinganishia.